Sumu Inayojua Saa

Sajini Ogwal alifika Makindye saa nne asubuhi kwa miguu, maana gari la upelelezi lilikuwa limekwenda kubeba ndizi za bosi wake. Mkononi alikuwa na daftari, penseli na karatasi moja tupu yenye mhuri. Bosi alikuwa amemwambia wazi: karatasi ile irudi imejaa maungamo ya mwanamke mmoja aitwaye Rahima, na irudi leo leo, kwa sababu saa kumi Luteni Kakule wa kambini angekuja na landrova kumchukua.

"Amefanya nini?" Ogwal alikuwa ameuliza.

"Anaitilia sumu familia ya mwanajeshi. Wewe andika tu. Hata sisi polisi tuonekane tupo."

Ndivyo mambo yalivyokwenda mwaka ule. Wakubwa walianza na hukumu, halafu wakatuma mtu mdogo kutafuta kosa la kuifaa, kama fundi anayepewa kifungo kisha aambiwe atafute shati. Ogwal alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini na cheo kile kile. Vijana aliowafundisha kushika penseli walikuwa wamempita, na sasa walikuwa wanamtuma yeye.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mhindi aliyefukuzwa pamoja na wenzake miaka miwili iliyopita. Ikagawiwa Sajini Otema, bwana stoo wa kambini, mtu wa kaskazini, na mkewe Akot na watoto wao wawili. Uani kulikuwa na vyumba viwili vya wapangaji wa tangu zamani za Mhindi: Bi Sabah, mama wa makamo wa ukoo wa wafanyabiashara waliotoka pwani enzi za mababu, na mpwa wake Rahima, mtuhumiwa.

Ogwal alitarajia kukuta kilio. Alikuta kicheko. Wanawake wanane walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakimenya vitunguu, sufuria mbili kubwa zinatokota kwenye masigiri, na katikati yao binti amenyoosha mikono mbele kama mtu aliyelowa, hina mbichi inang'aa hadi kwenye viwiko.

"Hodi hapa!"

"Karibu kama umekuja kula," akajibu Bi Sabah bila kuinua kichwa. "Kama umekuja kukamata, subiri kwanza nimalize vitunguu, nisije nikadhaniwa nalia kwa ajili yako."

"Nimekuja kuuliza, mama."

"Kuuliza ndiyo mlango wa kukamata. Rahima, mwanangu, afande wako huyu."

Binti aliinua mikono juu. "Shikamoo, afande. Pingu utanivalisha wapi? Hina haijakauka. Nikaha ni leo baada ya Alasiri. Mahmoud amengoja miaka mitatu, sasa akute vidole vimechafuka?"

Wenzake wakaangua kicheko. Lakini Ogwal, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama, aliona kwamba macho ya binti hayakutoka barabarani.

"Unajua saa kumi kuna nini?" alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Najua. Aliyepelekwa kambini mwezi uliopita kutoka mtaa wa pili, wamerudisha viatu vyake tu." Rahima aliipuliza hina. "Ndiyo maana tunacheka sasa, afande. Saa kumi hatujui."

Ogwal akafungua daftari.

Sajini Otema alitokea mlango wa nyuma, shati la nyumbani, macho mekundu, chupa ya soda mkononi imezibwa kwa gunzi. Ndani ya chupa mlikuwa na majivu.

"Kielelezo, afande," alisema. "Majivu ya chetezo cha huyu dada. Kila Alhamisi na Ijumaa anachoma udi. Moshi unaingia kwangu. Watoto wanakohoa, mke wangu anakohoa, mimi mwenyewe kifua kinapiga filimbi."

Ogwal akazibua chupa, akanusa, akaziba. "Ni majivu. Wewe ndiye uliyemshitaki?"

Otema akatazama kulia, akatazama kushoto, akamvuta Ogwal ndani, akawasha redio na kuipandisha sauti hadi msomaji habari akawa kama anauza samaki. Ndipo akasema, mdomo umegusa sikio la Ogwal:

"Mimi sikumshitaki mtu! Nilikuwa nakunywa chai mesini, nikasema tu, nyumbani watu wanakohoa, labda ni ule moshi wa wapangaji. Neno moja! Luteni Kakule akalidaka. Jioni likawa sumu. Asubuhi likawa njama ya kumaliza familia za jeshi."

"Mwambie ulikosea."

"Mtu wa kabila langu? Siku hizi, tunavyoshukiwa? Atauliza kwa nini nililidanganya jeshi. Maji yamemwagika, ndugu yangu, na mimi ndiye ndoo."

"Basi tumtafute aliyemwaga," alisema Ogwal. "Zima hiyo redio, sisikii hata ninachofikiri."

Alikaa kwenye kochi la Mhindi, akachora mistari mitatu kwenye ukurasa. *Nani. Wapi. Lini.* Hii ndiyo elimu yake yote. Shule aliiacha darasa la nne, lakini alikuwa amegundua kwamba uongo mwingi hufia kwenye mmoja wa mistari hiyo mitatu.

Akot aliletwa, mgongoni mtoto mchanga aitwaye Ajok. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, aliyekohoa kabla hajaketi na baada ya kuketi.

"Nani anaumwa zaidi, mama?"

"Mimi. Halafu huyu mdogo. Halafu Atim. Bwana ndiye nafuu."

"Bwana analala wapi?"

"Hapa. Ila akiwa zamu, wiki nzima kambini."

"Na akiwa kambini?" Ogwal alimgeukia Otema.

"Mzima kama ng'ombe dume."

Penseli ikaandika. "Kikohozi kinaanza saa ngapi?"

"Tukishaingia kulala," alisema Akot. "Macho yanawasha, pua inaziba, kifua kinabana. Alfajiri ndiyo balaa. Jua likipanda, tukiwa uani, kinaachia."

"Kila siku?"

"Kila siku, tangu masika yaanze."

Ogwal aliinua macho. "Sumu gani hii inayojua saa? Inaingia kazini usiku, inatoka asubuhi, haikosi zamu hata siku moja. Hata sisi serikalini hatuna mfanyakazi wa namna hiyo."

Otema alitaka kucheka, akajizuia, akatazama dirishani.

"Na zahanati walisemaje?"

"Daktari Mhindi ameondoka," alijibu Akot. "Aliyebaki alisema aspirini. Nikamwambia nipe. Akasema hakuna, alikuwa anasema tu."

Sasa akaitwa Atim, msichana wa miaka sita, mapengo mawili mbele, nywele zimesukwa upande mmoja tu kwa sababu msusi alikuwa ameitwa kwenye vitunguu.

"Atim, Dada Rahima anakupa nini kula?"

"Visheti."

Otema akaruka. "Umeona!"

"Kaa chini, sajini. Mama, wewe unakula hivyo visheti?"

"Mimi si mtu wa vitu vitamu," alisema Akot. "Sijawahi kuvionja."

"Na wewe ndiye unayekohoa kuliko wote." Ogwal akakata mstari. "Visheti vimeachiliwa. Atim, ukikohoa usiku unafanyaje?"

"Namwita mama. Ila kwa Dada Rahima sikohoi."

Penseli ikasimama.

"Kwa Dada Rahima lini?"

"Juzi na jana na ile siku nyingine. Nililala kwao. Kwa sababu ya hina. Tuliimba. Bi Sabah anakoroma," aliongeza, kwa sababu alikuwa ameanza kuuzoea ushahidi.

"Na udi walichoma?"

"Mwingi! Mpaka nguo yangu inanukia. Nusa."

Ogwal akanusa bega la gauni. Lilinukia kweli. Alitoka, akavuka ua, akakichungulia chumba cha kulala cha wapangaji. Kilikuwa kidogo, kina vitanda viwili, dirisha wazi, na juu ya ukuta karibu na dari kulikuwa na matundu ya hewa, yale ya matofali yenye nakshi ambayo Wahindi walipenda kuyajenga. Pazia lilikuwa linacheza lenyewe.

"Mama, mnafunga dirisha mkichoma udi?"

"Kwani tunakausha nyama?" akajibu Bi Sabah. "Moshi ni moshi hata ukinukia, afande. Unapita, unasalimia, unakwenda zake. Ukiukaribisha ulale ndiyo utaumwa."

Ogwal akarudi na kumkabidhi Otema chupa yake. "Kamwage. Mtoto amelala siku tatu ndani ya huo udi, akapona. Mimi sasa nakwenda kulala."

"Kulala?"

"Kitandani kwako. Dakika ishirini. Kwa kazi ya serikali."

Akot alisimama ghafla kiasi kwamba mtoto mgongoni alishtuka. "Chumba hakijafagiwa, afande."

"Vizuri zaidi."

"Kuna... kuna nguo chafu."

"Mama, nimelala na maiti. Nguo chafu ni anasa."

Aliingia, akafunga mlango nyuma yake. Chumba kilikuwa giza mchana kweupe. Dirisha lilikuwa limefungwa, na juu ya dirisha blanketi la jeshi limepigiliwa misumari. Kitanda kikubwa cha wazazi, kitanda kidogo cha watoto, kabati. Harufu ilikuwa ya gunia lililonyeshewa likasahauliwa. Alijinyoosha chali kama marehemu, viatu nje ya shuka kwa adabu, akawasha sigara.

Hakuivuta. Aliutazama moshi. Ulipanda, ukafika katikati, ukasimama pale pale, kama askari wa gwaride anayemngoja mkubwa asiyekuja. Dakika tano ukawa bado umesimama. Akaizima.

Dakika ya kumi pua ilianza. Dakika ya kumi na mbili macho yakawa kama yamepakwa pilipili. Dakika ya kumi na tano alisikia filimbi nyembamba, akageuza kichwa kutafuta ni nani, kumbe inatoka kifuani mwake mwenyewe.

Filimbi ile aliijua. Marehemu mkewe, Concy, aliipiga miaka minne ndani ya chumba kimoja cha laini ya polisi, zile nyumba za askari, kisichokuwa na dirisha la pili, kwa sababu mkubwa fulani aliyelala kwenye nyumba ya vyumba vinane aliona askari anatosheka na dirisha moja. Waliandika barua tatu. Jibu lilikuja baada ya mazishi, likiomba barua irudiwe kwa nakala mbili. Ogwal hakukaa sana juu ya jambo hilo. Alipangusa macho na kutazama juu.

Mkubwa wa nchi alikuwa anamtazama.

Ilikuwa picha ile ya kila ofisi, medali kifuani, fremu nyeusi. Ilitundikwa juu kabisa, karibu ichome dari. Ogwal akageuza macho ukuta wa pili: Mkubwa tena. Ukuta wa tatu: Mkubwa, medali zile zile. Watatu, chumba kimoja.

Akaketi. Akapiga chafya tisa mfululizo, na katikati ya ile ya saba na ya nane akili ikafunguka.

Sebuleni alikuwa amekaa saa nzima. Sebuleni hapakuwa na picha hata moja. Mtu mwenye hofu humtundika Mkubwa sebuleni, usawa wa macho, mgeni amwone hata kabla ya kuona kiti. Nani humtundika mara tatu chumbani, ambako hakuna mgeni, na juu kule ambako mtu haoni mpaka alale chali? Picha ile haikuwekwa ionekane. Iliwekwa ifunike. Na katika jengo hili, karibu na dari, kuna kitu gani cha kufunika? Aliwakumbuka wapangaji na pazia lao linalocheza.

Akavuta stuli.

Mlango ukafunguka, Akot akaingia, akaufunga kwa mgongo. "Usimguse," alinong'ona. "Nakuomba, afande. Kumshusha yule ni kifo."

"Na kumwacha pale pia, naona, ila cha polepole." Ogwal alibaki na mguu mmoja juu ya stuli. "Nyuma yake kuna nini, mama?"

"Sufi."

"Sufi gani?"

"Ya godoro la Mhindi. Liliachwa barazani, likanyeshewa. Nikalipasua, nikajaza matundu yote matatu nikashindilia kwa mwiko. Nje nikapaka udongo. Halafu ikawa inadondoka, nikanunua picha, kwa sababu ukining'iniza kalenda mtu ataifunua. Picha hii hakuna anayethubutu."

Ogwal alimtazama kwa heshima. Katika miaka ishirini na miwili alikuwa hajaona maficho bora. "Kwa nini?"

Mwanamke akakohoa, akasubiri kipite. "Bwana anaongea usingizini."

"Watu wengi huongea."

"Hawaongei kama yeye. Kabla ya stoo alikuwa mwalimu wa gwaride. Tangu masika, kila usiku anawapanga mameja. Anawapanga makanali, afande! Anawaita kwa majina. 'Wewe, tumbo ndani! Wewe mwenye nyota, unatembea kama bata! Rudia!' Jana alimkimbiza jenerali mzima kuzunguka uwanja mara tano. Kwa sauti kubwa. Akiwa zamu hulala stoo peke yake, lakini hapa! Na huko barabarani unajua ni akina nani wanaopita na miwani nyeusi wakisikiliza."

Ogwal alilazimika kushika kabati. Alicheka bila sauti, mabega yanaruka, machozi ya vumbi na ya furaha yakachanganyika.

"Na yeye mwenyewe anajua?"

"Hajui. Akijua hatalala tena. Nilidhani nawaokoa." Alitazama kitanda cha watoto. "Kumbe nimewafungia nini?"

"Vumbi, kuvu na panya, nadhani. Godoro lililooza linapumua, mama, na ninyi mnavuta pumzi yake. Wewe zaidi, maana hutoki. Bwana kidogo, kwa sababu ana zamu. Na Atim akihama mita kumi anapona. Si sumu ya mtu." Alishuka kwenye stuli. "Kosa si lako. Kosa ni la aliyewafanya watu waogope hata ndoto. Ila huyo hatumwezi leo. Leo tunaiweza sufi. Mwite bwana, na wewe usiseme neno."

Otema alipoingia alimkuta Ogwal amesimama mguu sawa, uso mkali kama kiboko.

"Sajini Otema! Hizi picha ni za nani?"

"Za... za Mheshimiwa, afande."

"Na hapa ni wapi?"

"Chumba cha kulala, afande."

"Kwa hiyo kila siku Mheshimiwa anakutazama ukivua suruali. Mara tatu. Kutoka pande tatu."

Rangi ya uso wa Otema ilibadilika. "Mke wangu ndiye alitundika! Mimi nilifikiri ni mapenzi yake kwa serikali!"

"Mapenzi mema, mahali pabaya. Wahamishie sebuleni mara moja, kabla Luteni hajafika. Kwa heshima. Piga saluti kwanza."

Otema alipiga saluti tatu, akapanda stuli mwenyewe, akawashusha mmoja mmoja amewakumbatia kifuani kama mayai. Alipomshusha wa kwanza, kipande cha sufi nyeusi kama kichwa cha mtu kilimdondokea usoni, na nyuma yake kiota cha panya, mabawa ya mende, na vumbi kiasi kwamba udongo wa nje ulipoporomoka, mwanga uliopenya tundu ulionekana kama nguzo. Otema akapiga chafya, nusura Mheshimiwa avunjike.

"Nini hii?"

"Huyo ndiye mtuhumiwa," alisema Ogwal. "Nipe gunia. Na toa watoto nje kabisa."

Kazi iliyofuata haikuwa ya polisi. Bi Sabah alisimama mlangoni, akatazama, akanusa mara moja, akafunga mtandio puani. "Subhanallah. Na mimi nimeambiwa udi wangu ndio unaua! Wanawake, acheni vitunguu!" Waliingia wanane na ndoo. Blanketi la dirishani likang'olewa. Vitanda vikatolewa juani, mito ikapigwa fimbo mbali kule kwenye migomba, kuta zikafutwa kwa matambara yaliyolowa ili vumbi lisipae. Sabuni haikuwapo Kampala nzima mwezi ule, ila Rahima alikuwa na kipande kimoja alichowekewa kwa siku yake. Alikitoa.

"Utaogea nini?" Bi Sabah aliuliza.

"Saa kumi nikichukuliwa nitanukia kwa ajili ya nani, shangazi?"

Waliosha wakiimba, hata Akot akaitikia, na alipofika ubeti wa tatu alisita, akashika kifua, akasikiliza. Alikuwa ameimba beti mbili bila kukohoa.

Saa tisa na nusu upepo wa ziwani ulikuwa unaingia tundu moja na kutokea la pili. Sakafu imekauka, godoro limeota jua na kurudishwa ndani. Otema alikaa kitandani avue viatu tu, na ule upepo ukampiga usoni. Hakufika kiatu cha pili; usingizi ulimwahi.

Saa kumi kasoro dakika tano landrova ilisimama.

Luteni Kakule alikuwa kijana mwenye kitambi cha mapema na fimbo ya kwapani. Nyuma yake askari wawili. Nyimbo zilikatika uani kama uzi. Rahima alikuwa amekwisha vaa, kanga mpya juu ya gauni, na alisimama bila kuambiwa.

"Wapi ile mwanamke?"

"Afande," Ogwal alisema, akampa karatasi yenye mhuri, imejaa maandishi. "Upelelezi umekamilika. Mtuhumiwa amepatikana. Ni godoro la sufi lililooza, lilikuwa limeziba hewa ya chumba. Kielelezo kipo ndani ya gunia. Mtoto huyu hapa, alikuwa anakohoa, sasa hakohoi. Atim, kimbia."

Atim akakimbia kuzunguka migomba mara mbili, akarudi, akaonyesha mapengo yake. Hakupiga hata filimbi moja.

Luteni hakuisoma karatasi. "Mimi hapana kuja kuona mtoto nakimbia. Mimi nasema kwa mkubwa nakuja na mtu ya sumu. Landrova hapana rudi bure." Akamnyooshea Rahima fimbo. "Wewe. Panda."

Bi Sabah akapiga hatua mbele. Askari mmoja akamsukuma. Ogwal akalitazama daftari lake. Mistari yake mitatu ilikuwa imejaa kweli tupu, na kweli haikuwa na bunduki.

Ndipo sauti ikatoka dirishani. Haikuwa sauti ya Otema aliyezungumza na redio. Ilikuwa sauti ya uwanja wa gwaride, ya mtu aliyezoea kusikika ng'ambo ya bonde.

"WEWE LUTENI! MGUU SAWA!"

Na visigino vya Luteni Kakule vikagongana *pwaa*. Mikono ikabana mapajani, fimbo ikaanguka.

"TUMBO NDANI! UNASIMAMA KAMA MAMA MJAMZITO!"

Tumbo likaingia. Kidevu kikapanda. Askari wawili nyuma yake nao wakawa milingoti. Kwa muda wa pumzi tatu jeshi lote lililokuwa uani lilisimama sawasawa mbele ya wanawake wanane na ndoo.

Aliyewahi kuzinduka ni Bi Sabah. Alitupa kichwa nyuma na kuachia kigelegele ambacho kingeweza kupasua kioo, wenzake wakadakia, Akot naye, hata Atim, na chochote alichoendelea kusema Otema kilizama humo.

Luteni alilegea polepole. Jasho lilimtoka. "Nani," alisema, "nani nasema ile neno?"

"Neno gani, afande?" Ogwal aliuliza kwa unyenyekevu mkubwa. "Sisi tumesikia vigelegele. Afande amesikia nini? Niandike."

Penseli ikangoja juu ya daftari. Luteni aliitazama. Kulisema lile neno ilikuwa kusema pia kwamba alilitii. Askari wake wawili walikuwa wanatazama mawingu kwa bidii kubwa, na pembe za midomo yao zilikuwa zinacheza.

"Hapana kitu," alisema.

"Na landrova isirudi bure," Ogwal aliongeza upesi, "kielelezo kipo tayari. Weka sahihi hapa. Mtu ya sumu amekamatwa, hatasumbua tena familia za jeshi."

Luteni akatia sahihi bila kusoma, kama wakubwa wote. Askari wakalibeba gunia na kulikalisha kati yao nyuma ya gari. Kabla landrova haijafika kona, chafya ya kwanza ilisikika, halafu ya pili, halafu dereva akafunga breki kwa nguvu, na huko chini mtu akatukana kwa lugha tatu.

Rahima alikaa chini pale pale alipokuwa, kanga mpya juu ya maganda ya vitunguu. Alilia kidogo na hakuna aliyekisingizia kitunguu.

Otema alitokea mlangoni, kiatu kimoja mguuni. "Luteni amefika?"

"Amekuja, amekaguliwa, ameondoka," alisema Ogwal. "Rudi ulale."

Akot alimtazama Ogwal. Alikuwa anafikiria usiku, matundu wazi na barabara. Bi Sabah, ambaye hakuambiwa na mtu lakini alikuwa na masikio mawili, alimshika mkono. "Sikiliza, mwanangu. Akianza hilo gwaride lake, wewe gonga ukuta. Sisi huku tuna tari, na harusi ya Waislamu nani anajua inaisha siku ya ngapi? Nyimbo za harusi zikiisha tutaanza maulidi."

Mahmoud na watu wake walifika baada ya Alasiri, wakakaa sebuleni chini ya Waheshimiwa watatu walioning'inizwa safu moja, wakashangaa kidogo, hawakuuliza. Sheikh alipomaliza hotuba yake, mjomba mmoja wa Rahima alimpelekea bibi harusi swali chumbani, kama ilivyo desturi, na desturi ni kwamba binti ainamishe uso, na kunyamaza kwake ndilo jibu.

Madirisha yote yalikuwa wazi.

"NIMEKUBALI!" Rahima alipaza sauti, na kilima kizima cha Makindye kikasikia.

"Mwanangu!" Bi Sabah alimpiga kofi la bega. "Bibi harusi hapayuki!"

Sebuleni Ogwal alikuwa ameshapewa sahani ya kwanza ya pilau. Alichomeka penseli nyuma ya sikio, akavuta pumzi ndefu kupitia puani hadi chini kabisa, akala.